Kizibao cha Maji

Msafiri wa zamani katika nchi hii hakuulizwa kasi ya miguu yake. Aliulizwa habari ya kibuyu chake. Wapagazi wa Unyamwezi na Usukuma, waliochukua mizigo ya ratili sitini au sabini mabegani kutoka Tabora hata Bagamoyo, walijua kuwa mzigo wa tajiri ulikuwa na thamani kubwa sokoni, lakini njiani thamani kubwa ilikuwa ya kile kitu chepesi kilichoning'inia ubavuni. Pembe ilipoanguka iliokotwa. Kibuyu kilipopasuka hapana aliyeweza kuyaokota maji. Habari hizi nilizisoma nikiwa mwanafunzi na nikazifundisha nikiwa mwalimu. Walakini nilihitaji kuanguka barabarani, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, mwenye shahada ya uzamivu, ndipo nizielewe. Elimu ya kitabuni hukaa kichwani muda mrefu kabla haijashuka miguuni.

Insha hii ni habari ya vazi, na jinsi nilivyolichagua. Vazi lenyewe halijapata jina lililokubaliwa katika lugha yetu. Ni kama koti fupi lisilo mikono, lililoshonwa kwa kitambaa chepesi chenye matundu, na ndani yake mna mfuko wa maji mgongoni au chupa mbili laini kifuani. Mkimbiaji wa masafa marefu hulivaa akanywa huku akienda. Wauzaji huliita kwa jina la kigeni, na wanafunzi wangu huwafuata. Mimi naliita kizibao cha maji. Kizibao ni vazi la kale la watu wa pwani, lisilo mikono, livaliwalo juu ya kanzu. Mfuko wa maji nao una jina lake, kiriba, tangu zamani zile maji yalipochukuliwa katika ngozi ya mbuzi. Lugha iliyo na kizibao na kiriba haina sababu ya kubisha hodi kwa jirani kuomba neno.

Kwetu ni Geita. Jina hili limesikika duniani kwa sababu ya dhahabu: mgodi wa zamani uliofungwa mwaka 1966, mgodi mkubwa wa sasa ulioanza kazi mwaka 2000, na mashimo yasiyohesabika ya wachimbaji wadogo. Wageni hudhani kuwa mtu wa Geita hufikiri habari ya dhahabu asubuhi na jioni. Kumbe wakati wa kiangazi wengi wetu hufikiri habari ya maji. Ziwa Victoria li karibu nasi, lakini ziwa halipandi vilima kwa miguu yake. Tena maji mtu ayaonayo njiani si lazima yawe ya kunywa. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuishika dhahabu katika unga wa mawe. Zebaki inayopotea huingia vijitoni, ikazama matopeni, na huko hugeuka kuwa sumu iingiayo katika miili ya samaki na ya watu walao samaki. Kwenye kingo za ziwa mna kichocho. Maji machafu hayana alama usoni. Huweza kung'aa kama maji ya baraka. Kwa hiyo mtu akimbiaye katika nchi ya dhahabu hawezi kutegemea kuinama kijitoni kama alivyofanya babu yake. Sharti ayachukue maji yake, au ayaombe.

Nilianza kukimbia nikiwa na miaka thelathini na minane, baada ya daktari kuniambia kuwa shinikizo la damu yangu lilikuwa la mzee. Kazi ya mwalimu wa chuo ni kukaa na kusimama. Kwenda si sehemu yake. Kwanza nilikimbia kilomita tatu, nikaona aibu. Kisha kumi, nikaona fahari. Baada ya miaka miwili nilifika ishirini na moja, na fahari ikawa mazoea. Kila likizo ndefu hurudi nyumbani, na njia yangu niipendayo ni ile iendayo Nzera, ambako upepo wa ziwa humkuta mtu kabla hajaliona ziwa lenyewe.

Mwezi wa Agosti mwaka 2024, asubuhi ya Jumamosi, nilitoka mjini kwa njia hiyo nikiwa na chupa moja ya nusu lita mkononi. Nilikusudia kukimbia muda wa saa nne. Mtu atauliza kwa nini nilichukua maji kidogo kiasi hicho, nami sina budi kukiri kwamba sababu ilikuwa kiburi. Akilini mwangu mlikuwa na picha ya John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Mexico mwaka 1968, akaendelea huku amefungwa bendeji, akafika wa mwisho kati ya watu 57 waliomaliza. Katika picha ile hana chupa wala mfuko. Nilidhani kuwa mkimbiaji wa kweli huenda mikono mitupu.

Sikufikiri kwamba katika mashindano makubwa meza za maji hutandikwa njiani. Hata Alphonce Simbu, aliyeipatia Tanzania medali yake ya kwanza ya dhahabu katika mashindano ya riadha ya dunia, mjini Tokyo, Septemba 15, 2025, kwa kumtangulia mwenziwe sehemu tatu tu za mia za sekunde, alikimbia katika njia iliyowekewa meza hizo. Mikono mitupu ya bingwa ni ushahidi wa mikono ya watu wengine waliomtumikia. Palipokosekana watumishi hao, mambo yalikuwa mengine. Katika marathoni ya Olimpiki ya St. Louis mwaka 1904 mkuu wa mashindano aliyafanya maji kuwa haba kwa makusudi, katika joto kali na vumbi. Watu 32 walianza na 14 tu wakamaliza. Miongoni mwao walikuwamo Waafrika wawili, Len Taunyane na Jan Mashiani. Hao ndio waliokuwa wenzangu katika njia ya Nzera, si mabingwa wa meza zilizotandikwa, nami sikujua.

Jua la Agosti kwetu halina wingu la kulistahi. Saa ya kwanza ilipita kwa furaha, saa ya pili kwa bidii. Katika saa ya tatu chupa ilikuwa tupu, na jasho lilikuwa limepungua, jambo nililolidhania kuwa dalili ya uzoefu. Nikaanza kusikia baridi katika jua kali. Barabara ikawa yainuka na kushuka kama jahazi. Sikuanguka kama shujaa. Niliketi kando ya njia kama mtu angojeaye gari, kisha nikalala.

Aliyeniona kwanza alikuwa msichana wa miaka kama kumi na miwili, mwenye ndoo ya lita 20 kichwani, akifuatana na bibi yake. Hakupiga kelele. Alitua ndoo, akaondoa matawi mabichi yaliyoelea juu ya maji, na bibi yake akachota kwa kata ya kibuyu, akanitia maji kichwani na kifuani, kisha mdomoni, kidogo kidogo, kama anyweshwavyo mtoto. Sijui ilipita muda gani. Nilipoweza kukaa niliitazama ndoo, nayo ilikuwa imepungua hata chini ya nusu.

"Watoka wapi, baba?" bibi aliniuliza.

"Mjini, mayu."

"Ni nani akufukuzaye?"

Nilisema hakuna, nafanya mazoezi. Akaitazama chupa yangu tupu, akaitazama ndoo, asitamke neno. Kisha alimgeukia mjukuu wake, akamwambia kwa Kisukuma arudi kisimani.

Nilitoa fedha mfukoni. Aliurudisha mkono wangu kwa upole. "Maji hayauzwi kwa mtu aliyeanguka," alisema. Msichana aliiweka tena kata ya kitambaa juu ya kichwa chake, akaenda zake njia ileile aliyotoka. Kisima, kama nilivyokuja kujua baadaye, kilikuwa mwendo wa nusu saa. Kiburi changu cha asubuhi kilimgharimu mtoto saa nzima ya siku yake, na saa hiyo haimo katika uwezo wangu kuirudisha.

Niliporudi mjini kwa pikipiki niliazimia kutotoka tena safari ndefu bila maji yangu mwenyewe. Lakini kuazimia ni rahisi kuliko kuchagua. Mkimbiaji anazo njia tatu za kuchukua maji. Ya kwanza ni chupa ya mkononi, nayo yatosha mwendo wa saa moja. Zaidi ya hapo mkono mmoja huchoka, bega likapanda, na mwili wote ukaenda upande kama gari lililopungua upepo wa gurudumu moja. Ya pili ni mkanda wa kiunoni wenye chupa ndogo, ambao huwafaa wengi, ila mimi ulinibana tumbo na kushuka kila hatua. Ya tatu ni kizibao, ambacho huugawa uzito mabegani, kifuani na mgongoni, karibu na mwili. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, na hapana ufundi uwezao kuipunguza hata chembe. Kazi ya fundi ni kuiweka mahali ambapo mwili hautailalamikia.

Kizibao changu cha kwanza nilikinunua Mwanza, nikakichagua kwa macho. Kilikuwa na kiriba cha lita 2 na mifuko kumi na miwili, mingine midogo isiyoweza kuingia hata tende moja. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na methali hiyo ilinitimilia neno kwa neno: baada ya wiki mbili nilikuwa na kidonda chini ya kila kwapa. Kilikuwa kikubwa kuliko kifua changu. Kilipojaa kiliruka kila niliporuka, kikinipiga mgongoni kama mtoto asiyetaka kubebwa. Muuzaji alikuwa ameniambia kuwa kikinipwaya nikaze kanda. Nikakaza, na mbavu zikakosa nafasi ya kuvuta pumzi. Maji nayo yalicheza ndani kwa sauti iliyonikera kuliko uzito wake. Bei yake ingetosha kununua ndoo nyingi. Nilikuwa nimeitumia kununua kelele na michubuko.

Cha pili nilikichagua kwa subira. Nilijipima kifua kwa utepe wa fundi cherehani, chini ya makwapa, nikiwa nimevuta pumzi, kwa kuwa kifua cha mkimbiaji si kifua cha mtu aliyesimama mbele ya kioo. Nilikataa kukijaribu kikiwa kitupu, maana kizibao kitupu hakisemi kweli. Kila kimoja kilinikaa vema mpaka kilipotiwa maji. Nilimwomba mwenye duka ruhusa ya kukijaza na kurukaruka mlangoni pake, na wapita njia wakapata kicheko cha bure. Nilitazama mishono ya ndani, hasa ya shingoni na kwapani, kwa sababu mshono usiosikika kwa kidole husikika kwa ngozi baada ya saa tatu za jasho lenye chumvi. Bizimu za kifuani nilitaka ziwe mbili, ziwezekanazo kulegezwa huku mtu anakwenda, kwa kuwa maji yapunguapo kizibao nacho hulegea.

Palibaki swali la chupa au kiriba. Chupa laini za kifuani humwonyesha mtu kiasi kilichobaki, hujazwa upesi, na husinyaa kadiri zinywewavyo. Kiriba cha mgongoni huchukua zaidi, lakini hukificha kilichomo. Mtu hunyonya mrija kwa matumaini mpaka aonje hewa. Tena ni kigumu kukisafisha, na kisipokaushwa mrija wake huota kuvu. Hatimaye nilichagua kizibao chenye chupa mbili za nusu lita kifuani, na nafasi mgongoni ya kiriba ambacho hukitia siku za safari ndefu tu.

Nilipotafuta asili ya kiriba hiki cha kisasa niliona jambo la kutafakari. Mwaka 1989 Mmarekani mmoja, Michael Eidson, mhudumu wa gari la wagonjwa, alikuwa akishiriki safari ya baiskeli ya maili mia katika joto la Wichita Falls, Texas. Alichukua mfuko wa dripu, akaujaza maji, akautia ndani ya soksi, akaubandika mgongoni mwa fulana yake na kuupitishia mrija begani. Kutoka soksi ile ilitoka biashara iliyoenea duniani. Kwa hiyo mkimbiaji huvaa mgongoni, akiwa mzima, kitu kilichokuwa kitundikwe juu ya kitanda chake akiwa mgonjwa.

Hata hivyo kujua chombo si kujua kipimo. Je, nilihitaji maji kiasi gani? Jibu nililipata kwenye mizani ya pamba. Asubuhi moja nilimwomba mpimaji wa kituo cha kununulia pamba anipime kabla ya kukimbia, na tena baada ya kurudi. "Mwalimu," alisema mzee mmoja aliyeketi juu ya mtumba, "leo kilo yako ni shilingi ngapi?" Nilikuwa kilo 71 na nusu nilipotoka, baada ya saa mbili, nikiwa nimekunywa nusu lita njiani, nilikuwa 69 na nusu. Kilo mbili zilizopungua pamoja na ile nusu lita zilinionyesha kuwa mwili wangu ulikuwa umetoa lita mbili na nusu. Ndipo nilipoelewa hesabu ya siku ile ya Nzera.

Baada ya hofu huja pupa. Kwa muda nilikunywa kila dakika kumi, nikihisi kiu au nisihisi, mpaka nilipojifunza kwamba mkimbiaji aweza kudhurika kwa maji mengi kama kwa maji machache. Katika marathoni ya Boston mwaka 2002 wataalamu waliipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza, wakaona kuwa kati ya kila mia, kumi na watatu walikuwa na upungufu wa chumvi katika damu, na wengi wao walikuwa wamekunywa kupita kiasi na kuongezeka uzito njiani. Maji huizimua damu kama yazimuavyo uji. Tangu hapo hunywa nisikiapo kiu, na chupa moja ya kifuani huitia chumvi kidogo na sukari. Kizibao kilichojaa si amri ya kunywa, ni ruhusa.

Haya yote niliyajua kabla sijarudi njia ya Nzera, na nilikuwa nikijiona mtu aliyetengenea. Septemba mwaka huohuo nilikwenda, nikiwa na lita mbili na nusu mwilini mwangu, zikiwa zimekaa vema. Niliwakuta bibi na mjukuu wake mahali karibu na palepale, wakitoka kisimani. "Mwangaluka, mayu," nilisema. Alinitambua, akacheka kabla ya kuitika.

Msichana alikizunguka kizibao kwa udadisi wa fundi. Alivuta kanda, akabonyeza chupa, akausikiliza mgongo wangu.

"Mjomba, hiki huchukua lita ngapi?"

"Mbili na nusu."

"Na kanda zote hizi?"

Nikasikia haya kwenye masikio. Nikamwambia, ili nipate la kusema, kwamba taabu yangu kubwa ilikuwa maji ya kiriba kucheza. Aliniangalia kama aangaliavyo mwalimu mwanafunzi aliyechelewa. "Yatie majani," alisema, akanionyesha ndoo yake: tawi bichi lilikuwa limelala juu ya maji, na maji yalikuwa yametulia chini yake. Kwa hakika waundaji wa viriba hushauri jambo lilelile kwa njia nyingine: kiriba kipinduliwe na hewa yake inyonywe kwa mrija, maana maji hayawezi kucheza pasipo nafasi. Mimi ushauri huo nilikuwa sijaupata.

Kisha nilifanya jambo ambalo ningelifanya Agosti kama ningelikuwa na nguvu. Nilivua kizibao, nikaomba ndoo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilikuwa nimeifundisha methali hiyo mara nyingi, pamoja na maana yake na matumizi yake. Msichana alinipanga kata kichwani, bibi akamsaidia kunitwika. Kilo 20 zilishuka shingoni mwangu zikakaa kwenye uti wa mgongo kama shtaka. Sikuwa na bizimu ya kukaza wala ya kulegeza. Nilipiga hatua, maji yakanimwagikia usoni licha ya tawi. Nikapiga nyingine kama mlevi. Nilihesabu hatua mia moja na sitini, nikaomba kutuliwa. Bibi alicheka hata akashika magoti. Msichana hakucheka sana. Alikuwa akitazama kiasi cha maji kilichomwagika.

Siku ile niliona ya kuwa neno kata, ambalo kamusi hulipa maana mbili, yaani chombo cha kuchotea maji na pete ya kitambaa itiwayo kichwani chini ya mzigo, ni jambo moja katika maisha ya mtoto yule. Nilikuwa nimepokea kata ya kwanza bila kuifikiri ya pili.

Msomaji anayetaka kukimbia masafa marefu nampa ushauri wangu kwa maneno machache. Apime kifua chake, ajaribu kizibao kikiwa kimejaa, aitoe hewa, akikaushe kiriba, ajipime kwenye mizani yoyote iliyo karibu, na anywe kwa kiu. Sitamwambia kwamba kizibao kimelipa deni langu. Kimenizuia tu kukopa tena kwa watu wenye kidogo, na kati ya kutokopa na kulipa mna njia ndefu ambayo sijaimaliza. Ndoo ya lita 20 ingali kichwani mwa mtoto, nami ningali nikienda mbio kwa hiari yangu katika barabara ambayo yeye huipita kwa lazima.

Kila likizo hupita pale. Bibi akiniona kwa mbali husimama na kuniuliza kwa sauti, ili majirani wasikie: "Mwalimu, maji umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo, mayu."

"Basi, pita."